Baba mkubwa aliuawa vita vya Kagera, sasa ukoo unagombania nani amwombee

Mama, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam, kwetu Muheza. Nimeanzisha jambo kwa nia safi na sasa limeugawa ukoo, huku bibi anazidi kuzeeka.

Bibi alizaa wavulana watatu. Wa kwanza, baba mkubwa wetu, aliingia jeshini akiwa kijana. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978 kikosi chake kilipelekwa mbele, na Machi 1979 akauawa huko Uganda. Barua ya jeshi ilisema amezikwa Kaboya, mkoani Kagera. Wa pili ni marehemu baba yangu, yeye hakwenda kwa kuwa alikuwa chuo cha ualimu. Wa tatu ni baba mdogo. Huyo alichukuliwa na mgambo akiwa na miaka kumi na minane, akaenda, akarudi mzima.

Bibi ni Mwanglikana wa siku nyingi, hakosi Misa mpaka awe mgonjwa. Pasaka iliyopita aliniita chumbani akaniambia, "Mimi mwanangu sijamzika. Nataka asomewe Misa na jina lake litajwe kabla sijafa." Nikamwahidi pale pale.

Lakini baba mkubwa alisilimu mwaka 1977 ili amuoe binti wa Pangani. Vita ilipoanza mkewe alikuwa na mimba, na dada yetu akazaliwa baba yake akiwa huko huko vitani. Hawakuonana hata siku moja. Dada ni Mwislamu safi, na aliposikia habari ya Misa alinipigia simu akilia: "Baba yangu kaniachia vitu viwili tu, jina lake na dini yake. Na hivyo mnataka kunichukulia?"

Nikatafuta suluhu. Nikapanga kwamba Julai 25, Siku ya Mashujaa, tukutane wote Muheza: asubuhi padre asome Misa uani, mchana sheikh aongoze hitma, kisomo cha Kurani kwa marehemu, halafu tule pilau. Nikaliweka tangazo, lenye jina na mchango wa kila mtu, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mama, moto ukawaka. Mdogo wangu aliyeokoka akaandika kwamba marehemu haombewi, akamwaga mistari ya Biblia. Mume wa dada, ambaye ni Ansar Sunna, akajibu kwamba hitma yenyewe ni bidaa, uzushi katika dini, hana haja nayo. Shangazi akasema tuache maneno yote hayo, twende tukaichukue mifupa tuizike kwetu. Baba mdogo hakuandika neno. Alitoka tu kwenye kundi. Nilipompigia alisema, "Mimi msinihusishe," akakata.

Baba mdogo ndivyo alivyo. Ikifika siku ya mashujaa anazima redio. Anakunywa, usiku anapiga kelele usingizini, na hajawahi kutusimulia vita hata kidogo. Tumezoea.

Nifanyeje? Nimpe bibi Misa yake nimpoteze dada? Na hiyo mifupa, inawezekana kweli kuileta?

Mjukuu, Dar es Salaam


Marahaba mwanangu, na bibi umpe salamu zangu nyingi.

Nianze na wale wawili wenye kelele, maana ndio wepesi. Mdogo wako aliyeokoka anasema marehemu haombewi. Shemeji yako anasema hitma ni bidaa. Umeona kwamba hao wawili wanakubaliana? Wakae benchi moja wanywe chai. Kila mmoja ana haki ya msimamo wake na asilazimishwe kuitikia amina asiyoiamini, lakini hakuna kati yao aliyewahi kumwona marehemu. Wenye neno hapa ni watu watatu: mama yake, binti yake, na ndugu yake aliyekwenda vita ile ile. Huyo wa tatu nitamrudia, na nitakaa kwake kirefu.

Sasa mama na binti. Lazima niseme wazi: marehemu alikufa Mwislamu. Alichagua akiwa mtu mzima mwenye akili zake, na kumtangaza leo kanisani kwa jina lake la ubatizo kana kwamba yale ya 1977 hayakutokea ni kumdhulumu yeye na kumdhulumu dada yako. Kilio cha dada ni cha haki. Hajapata hata picha ya kubebwa na baba yake. Ukimwondolea dini ya baba yake, unamwachia nini?

Lakini hakuna anayeweza kumzuia mama kumtaja mwanawe mbele za Mungu anayemjua yeye. Bibi hakukuomba umbatize mtu upya. Amekuomba jina litajwe. Waanglikana wa kwenu wamelelewa na UMCA, wale wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza waliokuwa Magila, na hao walishika Misa na kuwaombea marehemu kuliko Waanglikana wa sehemu nyingine nyingi. Kwa hiyo bibi hana jambo geni analolitaka. Novemba 2, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, parokia husoma orodha ndefu ya majina. Nenda kwa padre, mweleze habari yote bila kuficha, kwamba mtu huyu alikuwa amesilimu na mama yake anaomba atajwe. Akikubali, mpelekee jina la nyumbani, lile ambalo bibi alimwita alipomzaa, kabla ya kanisa na kabla ya msikiti. Jina hilo ni la bibi. Dada hawezi kunyang'anywa kitu kwa jina hilo, na bibi atalisikia analolitaka.

Kwa upande wa dada, mambo ni mepesi kuliko mumewe anavyoyafanya. Watu wa pwani tumezoea hitma na Yasini, wengine hawataki, na ugomvi huo ulikuwepo kabla hatujazaliwa. Usiufufulie uani kwa bibi yako. Yapo mawili yasiyo na ubishi kwa Mwislamu yeyote, dua na sadaka. Shemeji anaijua vizuri hadithi ya Mtume kwamba mwanadamu akifa matendo yake hukatika isipokuwa matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Huyo wa tatu ni mkewe. Dada atoe sadaka kwa niaba ya baba yake, mabati ya madrasa, bomba la maji msikitini, chochote anachokiweza, na amwombee dua kila anaposujudu. Akitaka kujua kama aliyeuawa vita ya kuilinda nchi anahesabiwa shahidi, amuulize sheikh wake, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Najua tu kwamba kwa madhehebu ya Shafii shahidi wa vitani haoshwi wala haswaliwi jeneza, na hata hivyo mlango wa dua haujafungwa kwa yeyote.

Ile ratiba yako ya padre asubuhi na sheikh mchana, naona umeitoa kwenye televisheni. Na ni kweli, gwaride la Julai 25 ni zuri kulitazama. Zamani lilikuwa Mnazi Mmoja, miaka ya karibuni Dodoma, na mwaka 2013 lilifanyika huko huko Kaboya. Tarumbeta inalia, watu wanasimama kimya, Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mishale, na mzee wa Tanzania Legion, chama cha wapiganaji wa zamani, anaweka shoka. Kisha viongozi wa dini wanapanda mmoja mmoja, kila mtu na sala yake, na hakuna anayenuna. Hilo linawezekana kwa sababu pale wanaombewa wote kwa pamoja na hakuna jina la mtu mmoja linalogombaniwa. Pale Posta unapopita kila siku, Sanamu ya Askari, iliyosimikwa na Mwingereza mwaka 1927, ina maandishi yanayowaambia wapiganaji kwamba hata wakifa wana wao watayakumbuka majina yao, na jina la askari halipo hata moja. Serikali, ya Mwingereza na hii yetu, hukumbuka kwa jumla. Nyumbani kwenu yupo mtu mmoja, mama yake yu hai na binti yake yu hai. Msiige gwaride.

Kwa hiyo Julai 25 kutaneni, pilau ipikwe, ila bila Misa na bila hitma. Kila mmoja ataomba kwake na kwa siku yake. Ikifika saa ya chakula, mzee mmoja aombe kwa maneno mafupi ambayo kila mtu anaweza kuyaitikia, basi. Najua baadhi ya wasomaji watasema nimekwepa, kwamba Watanzania tunaomba pamoja misibani kila siku. Ndiyo, tunaomba pamoja kwenye msiba mbichi. Huu wenu umekaa zaidi ya miaka arobaini bila kuzikwa, na mtu mmoja anahisi anaporwa. Mpeni nafasi kwanza.

Kuhusu mifupa, mwambie shangazi hapana, tena mwambie kwa upole. Kaboya, wilayani Muleba, ni makaburi ya mashujaa yaliyo chini ya jeshi, na kufukua maiti popote nchini ni jambo linalohitaji kibali cha kisheria, watu hawaendi na majembe yao. Namwelewa lakini. Ameona askari wetu waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, walivyorudishwa, wakaagwa na kupelekwa makwao, na roho imemuuma kwamba kaka yake hakupata hayo. Mwaka 1979 mambo yalikuwa mengine. Na kwa dini ya marehemu mwenyewe, waliouawa kwenye vita vya Uhud familia zao zilianza kuwabeba kuwapeleka Madina, Mtume akaamuru warudishwe wazikwe walipoangukia. Baba mkubwa amelala na wenzake. Kinachowezekana ni ninyi kwenda, na hapo mwisho nitakueleza pa kuanzia.

Sasa baba mdogo.

Umeandika kwamba "akarudi mzima". Halafu mistari michache mbele unaniambia anakunywa, anapiga kelele usingizini, anazima redio. Mwanangu, soma tena barua yako. Ukoo mzima unagombana jinsi ya kumwombea aliyekufa vitani, na aliyerudi kutoka vita hiyo hiyo ametoka kwenye kundi na hakuna aliyemfuata.

Fikiria kidogo. Kijana wa miaka kumi na minane kutoka Muheza, ambaye huenda alikuwa hajavuka hata Korogwe, anapewa bunduki na kupelekwa mpaka wa mbali kabisa na kwao. Daraja la Kyaka limevunjwa, mvua, matope, na safari ya kwenda Kampala sehemu kubwa ni kwa miguu. Masaka Februari, Lukaya Machi pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, Kampala Aprili 11, kisha kusonga kaskazini mpaka Juni. Kaka yake ameuawa Machi. Yeye aliambiwa lini? Na nani? Yawezekana alijua kabla ya barua kufika kwa bibi, na vita ilikuwa inaendelea, hakukuwa na pa kukaa matanga. Labda hakujua mpaka alipofika nyumbani. Sijui lipi ni baya zaidi.

Akarudi. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tunakumbuka hali aliyoikuta. Mwalimu alikuwa ametuambia tufunge mikanda miezi 18, na miezi hiyo ikawa miaka. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Wapiganaji wengi wa mgambo walirudi moja kwa moja kwenye majembe yao. Tulikuwa tumewaimbia na kuwachangia ng'ombe wakienda, na waliporudi tulikuwa na shida zetu. Halafu huyu akaingia nyumba ya mama ambaye amepata mwana mmoja kati ya wawili. Sidhani bibi alimwambia neno baya. Wala halikuhitajika. Kila aliyekuja kumpongeza aliulizia na mwenzake.

Ndiyo maana anazima redio. Na tangazo lako la Misa na hitma lilikuwa na majina ya wote watakaokuja na mchango wa kila mtu. Yeye, nadhani, ulimwandika atoe fedha za mbuzi.

Usimwendee wewe. Ningekuwa wewe ningemwomba dada aende. Dada hajawahi kumwona baba yake, na kati ya watu wote walio hai baba mdogo ndiye anayeweza kumweleza baba yake alikuwaje na magwanda, alicheka vipi, alisema nini aliposikia mkewe ana mimba, kama alipata kusikia. Wameishi ukoo mmoja miaka yote hii na sitashangaa kama hawajawahi kulizungumza. Dada aende peke yake, asubuhi kabla mzee hajaanza kunywa, bila simu ya kurekodi. Asimwambie "nisimulie vita". Aulize vitu vidogo: viatu, chakula, mvua, nani alikuwa rafiki yake. Ampe shikamoo, akae, ashike hata kazi ya mikono waliyonayo pale. Akisema "niache", amwache, arudi mwezi mwingine. Akifunguka, yale atakayoyasema yabaki kwao wawili mpaka mwenyewe aruhusu. Bibi asipelekewe habari ya namna mwanawe alivyokufa kama hajaiomba.

Zaidi ya hapo, tafuteni mzee mwingine wa vita ile wilayani kwenu. Wapo, na wenyewe wanajuana. Wanaume hao husema wakiwa wao kwa wao maneno ambayo hawatayasema mbele ya wake zao. Zile kelele za usiku na pombe ni ugonjwa unaotibika, hata baada ya miaka mingi. Hospitali ya wilaya ukiulizia huduma ya afya ya akili utaelekezwa. Msimtishe kwa kumwambia ana kichaa. Mwambieni tu kwamba askari wengi hupata shida ya usingizi na kuna dawa na watu wa kuzungumza nao. Asipotaka, basi kwa sasa.

Na muombeeni. Bibi anapomtaja yule wa Kaboya, amtaje na huyu. Dada akiinua mikono kwa ajili ya baba yake, amuongeze baba mdogo. Wala hilo halina mgogoro. Hata mlokole wenu na shemeji wanakubali kwamba aliye hai huombewa.

Safari ya Kaboya. Anza kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, yupo ofisi za wilaya. Chukua barua ya serikali ya kijiji au mtaa inayoeleza undugu wenu, na ile barua ya jeshi ya mwaka 1979 kama bibi bado anayo. Toa nakala, halisi ibaki nyumbani. Muhimu ni namba yake ya jeshi, kikosi, na jina kama lilivyoandikwa jeshini, maana aliandikishwa kabla ya kusilimu na huenda huko yuko kwa jina la kwanza. Mwandae dada kwa hilo mapema, asije akalikuta kaburini. Msiende bila ruhusa, ni eneo la jeshi. Kwa umri wa bibi basi la kutoka Tanga mpaka Bukoba ni mateso. Uwanja wa ndege Bukoba upo, changeni tiketi yake na ya mtu mmoja wa kumshika mkono, lakini kwanza daktari wake aseme kama anaweza. Kama hawezi, aende dada, na baba mdogo akitaka kumsindikiza kiti chake kiwe kimeshalipiwa. Fedha za mbuzi zitatosha kuanzia.

Kwenye kundi, futa lile tangazo leo. Andika jipya fupi: tarehe, mahali, chakula, hakuna ibada. Anayetaka kujadili bidaa au Biblia afungue kundi lake. Baba mdogo usimrudishe mpaka aombe mwenyewe, na habari ya Julai 25 apelekewe na mtu kwa miguu.